Maumivu Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Waingereza wana neno moja la maumivu na wanalitumia kwa kila kitu, kuanzia jino hadi talaka. Sisi Waturuki tunayo manne. Lipo la kichwa na jino, lipo la mwanamke anayejifungua, lipo la mfupa unaolalama baridi ikiingia, na lipo la moto, ambalo ndilo hilo hilo la kufiwa. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kulipokea lile moja la Kiingereza na kuamua, kabla mgonjwa hajapepesa jicho, ni lipi kati ya haya manne. Sijisifu. Mpishi naye hupima chumvi kwa mkono.

Maneno hayajawahi kunishinda. Kinachonishinda ni namba. Muuguzi wa Melbourne hakuulizi unaumwaje. Anakuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, kumi ikiwa ndiyo maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kuyawazia, wewe uko ngapi? Swali hilo nimelitafsiri mara elfu, na wazee wetu wa kitongoji cha Broadmeadows hawajalijibu hata mara moja. Wanajibu, "Alhamdulillahi." Wanajibu, "Mungu asitupe baya zaidi." Mzee mmoja wa Sivas kule Uturuki, mguu umevunjika mpaka mfupa unachungulia nje, aliniambia, "Mwambie huyu binti wapo wasio na mguu kabisa." Nikamwambia. Binti akaandika mbili.

Na kwa nini wajibu? Ukikaa ukayawazia maumivu mabaya kuliko yote, si ndiyo unayaita yaje? Kwetu mtu hushukuru kwanza, ndipo aumwe. Kadiri anavyoumwa ndivyo anavyoshukuru. Mimi nina kipimo changu mwenyewe: akishukuru mara moja ana mafua, mara mbili ana homa, na akishukuru mara tatu katika mazungumzo mafupi, mtafutie ambulensi. Lakini kipimo changu hakimo kwenye fomu yao.

Mkalimani wa simu haongezi neno wala hapunguzi. Mgonjwa akitukana, tukana. Akisema "mimi", nawe sema "mimi". Kila kinachotamkwa lazima kitafsiriwe, basi. Nimeshasema "siwezi kupumua" huku nikikaanga biringanya. Nimeshasema "mwanangu hakulia alipozaliwa" nikiwa na ndara miguuni, jikoni kwangu Coolaroo, nikitazama uzio wa jirani. Kisha simu hukatika na nyumba hunyamaza. Mume wangu tuliachana zamani. Binti yangu yuko London, na hunipigia akiwa anakimbilia treni, ili treni ikifika awe na sababu ya kuaga. Jumapili nikienda kununua mkate, sauti yangu mwenyewe hutoka ina kutu. Masaa manane kwa siku naongea, na katika yote hayo sina neno langu hata moja. Huo ni upweke, na nausema hivyo hivyo kwa sababu nimechoka kuufanyia mzaha.

Mara moja tu niliongeza. Ilikuwa miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia. Nilimwambia daktari mmoja, "Samahani, huyu mzee akisema hajambo, usimwamini." Daktari akalalamika kwa ofisi yetu kwamba mkalimani anajifanya mganga. Nikaitwa, nikasomewa barua: likitokea tena, rudisha kitambulisho chako cha ukalimani. Kitambulisho kile ndicho kinachoniweka mjini. Nikafyata mkia nikarudi jikoni kwangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, na joto la hapa mwezi huo halina adabu. Simu ikaita: laini ya ushauri wa wauguzi, wanataka Kituruki. Upande mmoja alikuwa muuguzi, sauti ya mtu aliyekesha. Upande wa pili alikuwa mama mmoja, Bi Satı, miaka sabini na tisa, anaishi peke yake. Muuguzi alisoma anwani kuihakikisha, namba kumi na moja mtaa wa Kestrel, Broadmeadows, kisha akaanza.

"Leo unasumbuliwa na nini?"

"Alhamdulillahi, mwanangu," alisema Bi Satı. "Mgongo kidogo tu. Hapa katikati ya mabega."

"Kifua kinauma?"

"Kifua? Hapana, nashukuru. Kifua changu chuma."

"Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?"

Akacheka, na kicheko kikakatikia njiani akivuta pumzi. "Alhamdulillahi. Wapo wanaoumwa kuliko mimi."

Nilitafsiri neno kwa neno. Muuguzi akapigapiga vitufe vya kompyuta yake. "Naona hapa ametupigia sana, mwaka mzima sasa," alisema, akijisemea zaidi kuliko kusema nasi. Nikalitafsiri na hilo, maana kanuni ni kanuni.

"Kweli, nawasumbua," alisema Bi Satı. "Mwambie anisamehe. Uzee huu."

"Basi tuseme mbili?"

"Aandike apendavyo, mwanangu."

Mara tatu. Nilikuwa nimezihesabu kwa vidole juu ya meza. Mdomo wangu ulikuwa wazi, neno liko kwenye ulimi, kisha nikaiona ile barua kama vile imebandikwa kwenye friji. Nikanyamaza. Sitaki mtu anisafishie hapo, nilinyamaza. Muuguzi akamshauri ameze vidonge viwili vya maumivu, aweke chupa ya maji ya moto mgongoni, na kesho amwone daktari wake. Akatutakia siku njema, akakata.

Kati ya muuguzi kukata na laini kufa kabisa pana kipande kidogo cha muda, kama cha kufunga kifungo kimoja. Katika kipande hicho Bi Satı alisema, "Ila leo meno yananishangaza. Meno ya chini yananiuma, na niliyang'oa yote mwaka ule nilioacha kiwanda." Kisha laini ikakatika.

Nikabaki nayo sentensi hiyo. Nilikuwa nimeshaipanga kwa Kiingereza kichwani, safi, na hakukuwa na wa kumpa.

Nimetafsiri mioyo mingi. Najua moyo wa mwanamke mzee haugongi mlango wa mbele. Huingilia mgongoni, kwenye taya, tumboni, na mwenyewe hudhani amelalia mto vibaya. Nikapiga laini ya wauguzi. Mashine ikaniambia mimi ni wa kumi na saba kwenye foleni, ikaniwekea muziki. Ningeweza kupiga namba ya dharura hapo hapo, na mtu yeyote mwenye akili angepiga. Lakini niliwaza: wataniuliza, uko na mgonjwa? Siko naye. Umejuaje basi? Na hapo ndipo kitambulisho kinapokwenda. Nikajidanganya kwamba nitapita nimwone kwa macho, ni dakika nane tu kwa gari, na nikimkuta mzima nitasema nimekosea nyumba. Mwoga hutafuta njia ya kuwa shujaa bila kuonekana.

Mlango wa namba kumi na moja ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo ili upepo upite, kama kungekuwa na upepo. Viatu jozi moja nje. Nikaamkia kwa sauti: "Hodi, mama! Habari za asubuhi!"

Akatokea polepole akijishika ukutani. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, uso una rangi ya majivu na jasho kwenye mdomo wa juu. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mgeni, kisha akatabasamu kwa ufizi.

"Karibu, mwanangu, karibu. Vaa ndara, hizo za bluu ni za wageni."

Uongo wangu wote niliouandaa njiani ukanipotea. "Mama, wewe si mzima."

"Mimi sijambo. Umepitaje na jua hili? Kaa hapo niweke chai."

"Sitaki chai, mama. Kaa wewe."

"Nani amekuuliza kama unataka?" Alikuwa ameshanipa mgongo, anakwenda jikoni. "Mgeni aingie kwangu atoke koo kavu? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Tuko wawili humu!"

"Basi utasema wewe."

Nilimfuata. Mezani alikuwa ametandika shuka la kitandani na kuanika tarhana, ule unga wa mtindi na nyanya tunaoutunza kwa supu ya msimu wa baridi. Ulikuwa mwingi, wa kulisha familia ya watu kumi. Ukutani picha ya mume aliyevaa suti ya kuazima, na picha ya kijana mbele ya lori, ambaye baadaye nilijua ni mwanawe na yuko Perth, masaa manne kwa ndege. Nikasikia birika likijazwa maji. Nikasikia mfuniko ukianguka. Kabla sijazunguka meza alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati, taulo la vyombo bado mkononi.

"Nimekaa kidogo tu," alisema. "Yaangalie maji."

Haya, mimi ndiye niliyemtia kwenye mwendo huo. Kama ningepiga simu kutoka nyumbani, angekuwa kitandani kwake amelala. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka hunipasha masikio.

Nikapiga namba ya dharura. "Polisi, zimamoto, au ambulensi?" aliuliza mwanamke upande wa pili. Nami, mtu wa miaka ishirini na mbili katika kazi hii, nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri mtu aseme kwanza, ndipo nitafsiri.

"Halo? Polisi, zimamoto, au ambulensi?"

"Ambulensi," nilisema. "Kuna mama hapa, ni moyo wake. Niko naye. Mimi niko naye." Nilikisema Kiingereza kile kwa lafudhi ya msichana aliyeshuka ndege jana.

Walifika wawili, kijana mnene mwenye ndevu nyekundu na mwanamke mrefu. Wakaingia na viatu. Bi Satı alikuwa amelala chini, midomo inageuka rangi, na macho yake yakafuata yale mabuti juu ya zulia hatua kwa hatua. Yule mwenye ndevu akapiga goti, akamshika mkono kwa upole.

"Muulize, kutoka sifuri hadi kumi."

Nikamuuliza.

"Mwambie sijambo, alhamdulillahi," alinong'ona Bi Satı. "Mwambie asihangaike. Na mwambie hilo zulia nimelifua Ijumaa, si uwanja wa mpira. Mama yake hakumfundisha? Ila mwambie kwa adabu, maana amenishika mkono vizuri."

Nikamgeukia kijana. "Kumi," nilisema.

Akanitazama. "Maneno yote hayo ni kumi tu?"

"Kumi."

Ndio uongo wa kwanza nilioutafsiri maishani, na sikujuta hata kidogo. Wakambandika nyaya kifuani, wakatazama kile kikaratasi kinachotoka mashineni, na wote wawili wakaacha utani. Dakika mbili baadaye tulikuwa barabarani, mimi nimekaa pembeni ya kitanda na ndara za bluu bado miguuni.

Hospitali, mlango wa dharura, mwanamke wa mapokezi akanizuia kwa kiganja. "Wewe ni binti yake?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hapana."

"Basi kaa pale. Tutamwita mkalimani kwa simu."

Kitanda kilikuwa kinasukumwa. Niliona kile kitambaa cheupe kikigeuka huku na huku juu ya mto, ananitafuta kati ya watu ambao hata mmoja hangeweza kumwambia sindano hii ni ya nini. Nikajua wataleta simu, wataiweka karibu na sikio lake, na mtu asiyeuona uso wake atasema "mimi" kwa niaba yake kutoka jikoni kwingine. Nikatoa kitambulisho. "Mkalimani ni mimi."

Akaandika jina na namba yangu kwenye kompyuta. Nilijua maana yake. Kabla ya adhuhuri ofisi ingeona kwamba mkalimani wa simu ameibuka hospitalini na mwili wake mzima, bila kuitwa na mtu, akiwa na mgonjwa aliyemsikia kwenye laini asubuhi hiyo. Kwa hiyo niseme kwamba nilikuwa nafanya kazi yangu kwa mara ya mwisho, na niliifanya vizuri.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga kwa mpira wa karatasi za ofisini. Alisema haraka lakini alisema wazi. Mshipa mmoja wa moyo umeziba. Watapitisha waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni waufungue. Kuna hatari ya kuvuja damu, ya kiharusi, na ya kufa. Wasipofanya, hatari ya kufa ni kubwa zaidi.

Kwetu, hapo ndipo jamaa humvuta daktari kwenye korido na kumsihi asimwambie mgonjwa. Hapakuwa na jamaa. Nilimwambia Bi Satı yote, na kufa pia nikakutaja mara mbili, kama daktari alivyokutaja.

"Haya," alisema. "Mungu anajua. Naweka kidole wapi?"

"Unaweka sahihi, mama."

"Sahihi naijua. Miaka kumi na tisa kiwandani nilifunga mikanda ya magari, kila jioni nasaini." Akasaini, herufi zinapanda kilima.

"Muulize kama ana swali lolote," alisema daktari, kalamu juu ya karatasi. "Muda wetu ni mfupi."

Nikamuuliza. Bi Satı akanivuta kwa mkono wa gauni mpaka uso wangu ukawa karibu na wake.

"Wewe jina lako nani? Kwenye simu mnasema namba tu."

Nikakitazama kitambulisho mkononi.

"Unadhani sikukujua? Nilikujua pale mlangoni, ulivyopiga hodi tu. Jumanne na Alhamisi asubuhi, ndiyo zamu yako, sivyo? Wakitokea wengine, yupo yule bwana wa Izmir anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, namwambia nimepona, nakata. Ukitokea wewe naongeza. Goti. Kichwa. Usingizi." Akapumzika, akavuta pumzi, akaendelea. "Kiingereza sina, lakini 'goti langu' nalijua. Nakusikia ukimwambia yule muuguzi, goti langu, silali usiku. Unasema kama ni wewe. Najiambia, basi tuko wawili."

"Mama..."

"Ngoja. Leo ndio naumwa kweli, nikaona haya kusema. Mwaka mzima nimewadanganya watu wa Mungu. Mtu kama huyo atasema nini siku ikifika?"

Mara ngapi nilikuwa nimemsemea goti lake huku nikimenya vitunguu, na simkumbuki? Hata mara moja simkumbuki. Kwangu alikuwa goti tu, la dakika sita, kisha linalofuata. Machozi yakanitoka mbele ya daktari, na mkalimani haruhusiwi kulia, hilo nalo limeandikwa.

"Amesema nini?" aliuliza daktari. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. "Yalikuwa maneno mengi. Ni swali? Lazima niandike kila alichosema."

Na alikuwa sahihi. Kila kinachotamkwa lazima kitafsiriwe. Ningetafsiri, lingeingia kwenye faili lake: mgonjwa amekiri kupiga simu bila kuumwa. Siku nyingine angepiga, wangelisoma hilo kwanza kabla hawajamsikiliza.

"Hakuwa anasema na wewe, daktari," nilimwambia. "Alikuwa anasema na mimi."

Kisha nikamwinamia Bi Satı nikamwambia jina langu. Akalirudia mara mbili ili lisimpotee, na wakamsukuma ndani.